Redio Ndogo ya Masafa Mafupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Afrika Mashariki, au jirani yake, anayemiliki redio ya kubebeka yenye masafa mafupi au anayefikiria kununua. Maswali ni mengi, lakini malalamiko yanayoyazaa huwa karibu ni lilelile: redio haishiki. Mara nyingi redio yenyewe ni nzima, na kilichokosewa ni saa, masafa au mahali ilipowekwa, ndiyo maana majibu marefu zaidi hapa yanahusu mambo hayo matatu.

Masafa mafupi yanatofautianaje na FM?

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlima, jengo kubwa au umbali wa makumi machache ya kilomita hutosha kuyakatisha. Mawimbi ya masafa mafupi, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa yale yaliyo kati ya megahezi 3 na 30, hupaa hadi kwenye ionosfia, yaani tabaka la anga lililo takriban kilomita 100 hadi 400 juu yetu, ambako hewa imechajiwa umeme na miale ya jua. Huko hupindishwa na kurudishwa ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka, na yakigonga ardhi au bahari yanaweza kupaa tena. Ndiyo sababu mtambo mmoja uliopo Madagaska unaweza kuhudumia wasikilizaji wa Mtwara, Kisangani na Juba kwa wakati mmoja bila mnara wowote katikati.

Jina lenyewe linawachanganya watu, kwa kuwa masafa mafupi ndiyo yanayofika mbali. Ufupi unaozungumziwa ni wa urefu wa wimbi. Gawanya 300,000 kwa idadi ya kilohezi utapata urefu huo kwa mita: kilohezi 11735 ni wimbi la mita 25 na nusu hivi, na ndipo lilipotoka lile tangazo la zamani la "mitabendi 25", yaani kundi la masafa yenye mawimbi ya urefu wa mita 25 hivi.

Je, bado kuna cha kusikiliza, au masafa mafupi yamekwisha?

Yamepungua sana, na si haki kumficha mnunuzi jambo hilo. Vituo vya taifa vya eneo hili, vilivyokuwa vikisikika nchi nzima kwa masafa mafupi, vimehamia FM na setilaiti. Wasikilizaji wa zamani wanakumbuka Redio Tanzania katika kilohezi 5050 na Redio Uganda katika 4976. Mtambo wa Deutsche Welle uliokuwa Kigali ulifungwa mwezi Machi 2015, mwaka mmoja baada ya BBC kuufunga ule wa Shelisheli. Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, iliyoanza mwaka 1962, ilinyamaza mwezi Machi 2025 wakati serikali ya Marekani iliposimamisha shughuli za shirika zima.

Hata hivyo kilichobaki si haba. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, imeendelea kutumia masafa mafupi kuelekea Afrika Mashariki, na Redio Vatikani na NHK ya Japani nazo zina vipindi vya Kiswahili, sawa na vituo vya kidini kama Trans World Radio, ambayo hurusha kutoka Manzini, Eswatini. Karibu na nyumbani ipo Zanzibar, ambayo mitambo yake ya Dole imesikika kwa miaka mingi katika kilohezi 11735 nyakati za jioni, ingawa kuna vipindi ambapo hukaa kimya. Kisha kuna matangazo ya Kisomali kutoka Hargeisa katika kilohezi 7120, na lugha nyingine nyingi: Kiarabu, Kifaransa, Kichina, Kihindi, Kiingereza. Anayenunua redio hii kwa ajili ya Kiswahili peke yake atapata saa chache za kusikiliza kwa siku. Atakayekuwa tayari kusikiliza lugha nyingine, au muziki tu, atapata usiku mzima.

Masafa ya kila kituo hayadumu mwaka mzima. Ratiba za kimataifa hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi na Jumapili ya mwisho ya mwezi Oktoba, kwa hiyo kituo kinachotoweka ghafla katika siku hizo huwa kimehama tu. Tafuta ratiba mpya ya kituo hicho kabla ya kuhitimisha kwamba kimefungwa.

Kwa nini nisisikilize kwa simu?

Sikiliza kwa simu kila inapowezekana, kwani sauti itakuwa safi zaidi. Thamani ya masafa mafupi huonekana pale njia nyingine zinapokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Intaneti ilizimwa Kongo baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, ikazimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na ikazimwa Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Katika tukio la Kongo hata matangazo ya FM ya Redio ya Kimataifa ya Ufaransa yalikatwa, jambo linalowezekana kwa sababu mtambo wa FM uko ndani ya nchi. Mtambo wa masafa mafupi uko nje, na aliye ndani hana swichi yake.

Si kwamba masafa mafupi hayazuiliki. Serikali inaweza kurusha kelele katika masafa yaleyale ili kuyaziba, na msikilizaji wa ukanda huu anayepita mitabendi 41 usiku huenda akakutana na ngurumo nzito ambayo haitokani na hali ya hewa. Ugomvi wa Ethiopia na Eritrea umekuwa ukiendeshwa hata hapo. Lakini kuziba kunahitaji mitambo, umeme na fedha kila saa, na mara nyingi sauti hupenya pembeni.

Yapo pia manufaa ya kawaida: redio haili bando, haihitaji akaunti wala nywila, na haiachi kumbukumbu ya ulichosikiliza.

Ninunue redio ya aina gani?

Redio zinazouzwa madukani ziko katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni zile ndogo za bei nafuu zenye mshale unaotembea juu ya namba, tochi, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na pengine kipande cha sola. Nyingi zimeandikwa kwamba zina bendi 10 au 12, maandishi ambayo hayasemi chochote kuhusu ubora. Yana maana tu kwamba eneo la masafa mafupi limekatwa vipande SW1, SW2, SW3 na kuendelea. Soma namba zilizoandikwa nyuma ya redio ili uone vipande hivyo vinaanzia wapi na vinaishia wapi, kwa sababu baadhi huruka mitabendi nzima. Udhaifu wao mkubwa ni kwamba huwezi kujua kwa hakika uko kwenye kilohezi ngapi, na stesheni huteleza redio inapopata joto.

Kundi la pili ni redio zenye kioo kinachoonyesha masafa kwa tarakimu na vitufe vya kuandika namba moja kwa moja. Hapa ndipo ninaposhauri mtu aweke fedha yake. Tecsun PL-380 ni mfano rahisi, Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 ni za juu kidogo na zina uwezo wa SSB utakaoelezwa mbele. Ile PL-330 ina sifa ambayo watu wa huku wataipenda: hutumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za zamani za Nokia, ambayo hupatikana karibu kila kibanda cha vifaa vya simu.

Kundi la tatu ni redio kubwa za bei ya juu, kama Tecsun PL-990 au Sangean ATS-909X2, pamoja na Sony ICF-SW7600GR ambayo haitengenezwi tena lakini bado inauzwa mkononi. Ni redio nzuri. Tatizo ni kwamba mtu anayeishi kwenye chumba chenye kelele za umeme atasikia kelele zilezile kwa bei kubwa zaidi.

Ukinunua iliyotumika kutoka nje, angalia mambo mawili. Redio iliyotoka Marekani huwa imepangwa kuruka kilohezi 10 katika masafa ya kati, ilhali Afrika hutumia hatua za kilohezi 9. Redio nyingi zina njia ya kubadilisha, lakini usipobadilisha utakuwa unakosea stesheni nyingi kidogo kidogo. Nayo iliyotengenezwa kwa soko la Japani inaweza kuwa na FM inayoanzia megahezi 76 na kuishia kwenye 90, tatizo ambalo kila aliyewahi kuagiza gari kutoka Japani analifahamu.

Nitaijaribuje dukani?

Usiijaribu dukani. Ndani ya duka lenye taa, chaja na televisheni kila redio ya masafa mafupi itaunguruma, na muuzaji atakuambia ni hali ya hewa. Omba utoke nayo nje, hatua kadhaa mbali na nyaya za umeme, uvute antena yote na upite mitabendi 25 au 19 ikiwa ni mchana. Ukisikia hata vituo viwili au vitatu, ni dalili njema. Kisha zungusha kitufe cha sauti taratibu ukisikiliza kama kinakwaruza, tikisa antena kwenye shina lake, fungua sehemu ya betri na utazame kama vyuma vina kutu ya kijani au unga mweupe.

Ratiba zimeandikwa kwa UTC. Nitabadilishaje kuwa saa zetu?

UTC ni saa ya pamoja ya dunia, na saa rasmi ya Tanzania, Kenya na Uganda iko mbele yake kwa saa tatu. Tatizo ni kwamba sisi hatuisomi saa hiyo kama ilivyoandikwa. Tunahesabu kuanzia machweo na macheo, kwa hiyo saa 18:00 ya kizungu kwetu ni saa 12 jioni. Mtu hujikuta anaongeza tatu halafu anatoa sita, na katikati ya hesabu kipindi kimeanza.

Njia fupi ni kutoa tatu tu kutoka saa ya UTC. Saa 10:00 UTC ni saa 7 mchana. Saa 15:00 UTC ni saa 12 jioni. Jibu likizidi 12, toa 12: saa 18:00 UTC huacha 15, kwa hiyo ni saa 3 usiku. Saa ya UTC ikiwa ndogo kuliko tatu, ongeza 12 kwanza: saa 01:00 UTC huwa 13, ukitoa tatu unapata saa 10 alfajiri. Ikibaki sifuri, kama ilivyo kwa 03:00 UTC, hiyo ni saa 12 asubuhi.

Kwa Burundi, Rwanda na Kongo mashariki, ambako saa rasmi iko mbele ya UTC kwa saa mbili, anayehesabu saa kwa Kiswahili atoe nne badala ya tatu. Aliyeko Oman, ambako ni saa nne mbele, atoe mbili. Kumbuka pia kwamba tarehe ya UTC hubadilika kwetu ikiwa tayari saa 9 usiku, hivyo kipindi cha Jumamosi saa 21:30 UTC kwetu kinasikika saa 6 na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, wakati kalenda imeshageuka.

Kama unataka kuhakikisha saa yako, jaribu kilohezi 5000, 10000 au 15000, ambako vituo vya saa kama BPM cha China na WWV cha Marekani hurusha mdundo wa kila sekunde. Vikisikika, ujue pia kwamba masafa yaliyo karibu nao yako wazi kwa umbali huo.

Nisikilize mitabendi gani kwa saa gani?

Kanuni ya jumla ni kwamba mchana hupendelea namba kubwa za megahezi na usiku hupendelea namba ndogo. Sababu iko kwenye ionosfia. Mchana jua hujenga tabaka la chini ambalo halirudishi mawimbi bali huyameza, na linameza zaidi yale ya megahezi chache; jua likizama, tabaka hilo hutoweka ndani ya muda mfupi na mawimbi hayo huachiwa njia. Wakati huohuo tabaka la juu huanza kudhoofika, na mawimbi ya megahezi nyingi ambayo mchana yalikuwa yakirudishwa sasa hupenya na kupotelea angani.

Kwa vitendo, kuanzia alfajiri hadi kama saa 3 asubuhi tafuta mitabendi 49, 41, 31 na 25. Kuanzia saa 4 hadi saa 9 mchana nenda mitabendi 25, 19, 16 na 13, yaani kati ya kilohezi 11600 na 21850 hivi. Jioni, kati ya saa 11 na saa 4 usiku, ndicho kipindi kizuri kuliko vyote: mitabendi 31, 25 na 19 hujaa, na vituo vingi vya nje hupanga vipindi vyao vya Afrika humo. Usiku wa manane rudi 49 na 41, na ukiwa na subira pita 60, ambayo ni moja ya bendi zilizotengwa kwa ajili ya nchi za joto kama zetu na ambayo sasa imebaki na vituo vichache.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kuwa karibu na mtambo si faida. Mawimbi yanayopaa na kurudi huruka eneo la katikati, na walio katika eneo hilo hawasikii kitu. Katika usiku fulani mtu aliyeko Muscat anaweza kuisikia Zanzibar vizuri kuliko mtu aliyeko Dodoma, na wote wawili redio zao ni nzima.

Redio hii ilikuwa ya baba na alikuwa akiipata BBC kwa uwazi. Kwa nini sasa inatoa kelele tupu?

Ziko sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baba alisikiliza wakati mitambo ilikuwa mingi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza tarehe 27 Juni 1957, ilikuwa na wasikilizaji wa masafa mafupi kwa miongo mingi kabla ya vituo vya FM kujaa mijini.

Ya pili, ambayo unaweza kuifanyia kazi, ni kelele za vifaa vya umeme nyumbani. Baba alikuwa na balbu ya kawaida au taa ya mafuta. Wewe una taa za LED, chaja tatu za simu, king'amuzi, televisheni, ruta ya intaneti, na pengine mfumo wa sola wenye kidhibiti chaji na kibadilisha umeme. Vifaa hivi hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kubadilisha nguvu yake, na vile vya bei rahisi havikuwekewa chujio la kuzuia mikato hiyo isitoke nje. Redio yako inaisikia kama mvumo au mkwaruzo unaofunika stesheni zote.

Fanya jaribio hili. Weka redio kwenye betri, chagua stesheni hafifu, kisha zima swichi kuu ya nyumba. Kelele zikikoma, mkosaji yuko ndani. Washa kifaa kimoja kimoja hadi arudi. Mara nyingi atakuwa chaja isiyo na jina au taa fulani ya LED, na kumbadilisha hakugharimu sana. Kelele zisipokoma, zinatoka kwa majirani au kwenye nyaya za mtaa, na dawa yake ni kusogea. Anayeishi mjini atagundua kwamba usiku bora wa kusikiliza ni ule umeme ulipokatika mtaa mzima, na huenda akaacha kulalamika kwa nguvu kama wenzake.

Mahali nako kuna uzito. Nyumba iliyoezekwa kwa mabati na jengo la zege lenye nondo huzuia mawimbi kuingia. Sogea dirishani, bora zaidi toka barazani au ukae chini ya mti, mita kumi mbali na ukuta. Kuipiga redio makofi, desturi iliyoenea sana, hufaa tu kama kuna waya uliolegea, na humaliza kwa kulegeza mwingine.

Je, antena ya waya itasaidia?

Kwa redio ya bei nafuu, ndiyo, sana. Waya wowote uliofunikwa kwa plastiki wenye urefu wa mita 5 hadi 10, uliofungwa upande mmoja kwenye mti na upande wa pili kubanwa kwenye antena ya redio kwa kibanio, utaongeza nguvu ya vituo. Uelekeze mbali na nyumba, si kando ya ukuta wenye nyaya, la sivyo utakusanya kelele badala ya stesheni. Usiupitishe juu, chini wala karibu na nyaya za umeme kwa hali yoyote. Waya ukiangukia huko, anayeshika redio ndiye atakayekufa.

Waya mrefu una madhara yake. Redio ndogo ikipokea nguvu nyingi kuliko inavyoweza kubeba, vituo hupandana na utasikia lugha tatu mahali pamoja. Ukiona hivyo, fupisha waya, au tumia swichi iliyoandikwa LOCAL/DX au ATT kama ipo, ambayo hupunguza nguvu inayoingia.

Antena ya kuvuta hutumika kwa FM na masafa mafupi tu. Masafa ya kati hupokelewa na kipande cheusi cha feraiti kilicho ndani, kwa hiyo ukitaka kuimarisha stesheni ya masafa ya kati zungusha redio nzima hadi sauti ipande.

Vipi kuhusu radi?

Bonde la Ziwa Viktoria na Kongo mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo swali hili si la kinadharia. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa waya wa nje kwenye redio na uuache nje, usiuingize ndani. Radi haihitaji kuupiga waya moja kwa moja: iliyopiga kilomita chache mbali inaweza kuamsha chaji ya kutosha kuunguza transista ya kwanza ya redio, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Redio ikifa kwa njia hii, FM mara nyingi huendelea kufanya kazi huku masafa mafupi yakiwa kimya kabisa.

Kwa nini kituo kimoja nakisikia sehemu mbili?

Huenda kinatumia masafa mawili, jambo la kawaida. Lakini kama sehemu ya pili iko kilohezi 910 chini ya ile ya kwanza, hicho ni kivuli kinachotengenezwa na redio yako. Redio nyingi rahisi hubadilisha kila stesheni kuwa kilohezi 455 kabla ya kuichakata, na katika kufanya hivyo huishika pia ile iliyo umbali wa mara mbili ya namba hiyo. Kituo chenye nguvu cha 11735 kitajitokeza tena kwenye 10825. Hakuna cha kutengeneza; tumia ile namba ya juu.

Sauti inapanda na kushuka, na mara nyingine inakuwa kama imeharibika. Ni redio?

Hapana. Mawimbi hufika kwako kwa njia zaidi ya moja kupitia ionosfia ambayo yenyewe inatikisika, na njia hizo mara husaidiana, mara hufutana. Karibu na ikweta, saa chache baada ya machweo, mtikisiko huo huwa mkali kiasi cha kufanya sauti ipapatike. Redio zenye kitufe cha SYNC hupunguza tatizo, na kuchagua upana mdogo wa sauti husaidia dhidi ya kituo cha jirani, kwani vituo hupangwa kwa umbali wa kilohezi 5 tu.

Siku nyingine mchana hakuna kitu kabisa, hata vituo vikubwa.

Uwezekano mkubwa ni mlipuko juani. Miale yake huzidisha lile tabaka la chini linalomeza mawimbi, na upande wote wa dunia ulio mchana hunyamaza kwa dakika kadhaa au saa kadhaa. Matukio haya huongezeka jua linapofikia kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Mzunguko wa sasa ulianza Desemba 2019 na ulikuwa katika kilele mwaka 2024. Kilele hichohicho huwa na faida, kwa maana mitabendi 16 na 13 hufunguka vizuri. Subiri, jaribu tena jioni.

Nitumie betri zipi?

Kama redio inatumia betri za kawaida, au mawe kama wengi wanavyoyaita, nunua zile za alkalaini au za kuchajiwa. Zile rahisi za zinki huvuja zikisahaulika ndani, na uvujaji huo umeua redio nyingi kuliko radi. Zitoe kila unapojua hutasikiliza kwa wiki kadhaa, hasa pwani ambako chumvi na unyevu huharakisha kutu.

Desturi ya kuanika betri juani ina ukweli kidogo: joto huamsha nguvu iliyobaki katika betri za zinki, lakini pia huziharakisha kuvuja. Betri ya lithiamu, kama BL-5C au zile nene za 18650, isianikwe kamwe, kwani inaweza kuvimba na kuwaka. Usisikilize masafa mafupi huku redio ikichajiwa. Chaja itakuletea kelele zilezile ulizozikimbia.

SSB ni nini, na je, ninaihitaji?

Ni namna ya kurusha sauti inayotumia nusu tu ya upana wa kawaida na isiyo na wimbi la kubebea. Hutumiwa na ndege zinazovuka bahari, meli, na waendeshaji redio wa ridhaa. Katika redio ya kawaida inasikika kama bata anayeongea. Yenye SSB hurejesha wimbi lililokosekana na sauti inaeleweka. Waendeshaji wa ridhaa wanapatikana zaidi kati ya kilohezi 7000 na 7200 usiku kwa LSB (nusu ya chini ya upana huo), na kati ya 14000 na 14350 mchana kwa USB (nusu ya juu, si ile USB ya chaja). Ukisikia mtu akijitambulisha kwa alama inayoanza na 5H, yuko Tanzania. 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi na 9Q Kongo. Anayetaka vipindi na habari tu haihitaji.

Je, ninahitaji kibali?

Kurusha mawimbi kunahitaji leseni katika nchi zote za ukanda huu. Kusikiliza matangazo yanayokusudiwa umma ni jambo tofauti na kufuatilia mawasiliano ya polisi au ya watu binafsi, ambalo linaweza kukuingiza matatani hata kama redio yako inayashika. Ukiagiza redio kutoka nje, uliza mapema taratibu za kuiingiza kwa mamlaka husika, kama vile TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Nimesikia kuwa vituo hutuma kadi kwa wasikilizaji. Nifanyeje?

Andika taarifa yenye tarehe, saa kwa UTC, masafa, aina ya redio na antena, mahali ulipo, na maelezo ya kipindi ya kutosha kuthibitisha kwamba ulikisikia kweli. Ongeza alama tano za SINPO, kila moja kati ya 1 na 5, zinazoeleza nguvu, mwingiliano wa vituo, kelele, hali ya upitishaji na tathmini ya jumla. 55555 ni kamilifu na huaminika mara chache. NHK na Adventist World Radio ni miongoni mwa zinazotuma kadi hizi. Taarifa kutoka Songea au Bunia ina thamani kwa mafundi wa kituo kwa sababu hawana njia nyepesi ya kujua mawimbi yao yanafikaje huko, kwa hiyo usiandike sifa tu. Kama ulihangaika kukisikia, waambie.

Redio imeharibika. Nimpelekee fundi?

Inategemea kilichoharibika. Antena iliyovunjika, waya ulioachia kwenye shina lake, vyuma vya betri vilivyoliwa na kitufe cha sauti kinachokwaruza ni kazi za muda mfupi kwa fundi yeyote makini wa mtaani. Uchafu ulioachwa na betri za alkalaini unaweza kuufuta mwenyewe kwa pamba yenye siki kidogo, kisha spiriti, ukausha kabla ya kurudisha betri. Redio za zamani zenye transista zinazoonekana kwa macho hutengenezeka kwa miaka mingi, na fundi mzee aliyezizoea ni wa kutunzwa. Redio mpya za tarakimu, ambazo nyingi zimejengwa juu ya chipu moja kama Si4735, ni jambo jingine: chipu ikiungua, bei ya kuitafuta na kuichomelea hukaribia bei ya redio nyingine. Kabla ya kumkabidhi fundi, toka nayo nje saa 12 jioni ukiwa na betri mpya, uvute antena yote na upite mitabendi 31 na 25. Asilipwe mtu kwa kutengeneza redio iliyokuwa imewekwa juu ya televisheni.